Diploma ya mhandisi wa Bel-Air mbele ya mpaka: kwa nini haivuki peke yake



Majuma machache yaliyopita, baada ya ibada ya pili hapa Bel-Air, komini ya Kampemba, kijana mmoja wa kwaya yetu alibaki amekaa kwenye benchi la nyuma wakati wengine walikuwa wakisalimiana uani. Magotini alikuwa na bahasha ya kaki iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, kama watu wanavyofunga karatasi za maana wakati wa mvua. Papa Mchungaji alipomkaribia, kijana akasema: "Papa, mniombee. Diploma yangu imekataliwa ng'ambo."

Tulimpeleka ofisini, tukafungua bahasha pamoja naye. Hatukuona udanganyifu wowote. Miaka 5 ya polytechnique, releve za pointi za kila mwaka, barua mbili za stage kiwandani, zote zina mhuri. Kampuni moja upande wa Zambia ilikuwa imempa ahadi ya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha shaba. Alikuwa amekwisha kuaga watu. Mama yake, mjane anayeuza unga sokoni, alikuwa amekwisha kuahidi shuleni kwamba minerval ya wadogo wawili italipwa mwezi unaofuata. Halafu ikaja barua fupi yenye sababu mbili. Ya kwanza: jina lake halimo katika orodha ya wahandisi wa nchi ile. Ya pili: karatasi yake inaonyesha kwamba yeye ni mhandisi wa majengo na barabara, nao walihitaji mtu wa metali.

Sababu ya kwanza ilikuwa kweli. Ya pili ilikuwa kosa la kutafsiri, na tutalieleza. Tangu siku ile tumekaa na wazee wa kanisa wanaofanya kazi migodini, tumeuliza waliosoma nje, tumesoma sheria na makubaliano. Tunaandika haya kwa ajili ya makanisa ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na pia ya Kalemie, Uvira, Bukavu, Goma na Bunia, kwa sababu karibu kila familia ina mtoto anayesoma mambo ya ufundi, na wengi wao wanafikiri siku moja watavuka mpaka.

Neno moja, nchi mbili

Tuanze na lile kosa. Kwenye diploma ya kijana wetu imeandikwa kwa Kifaransa "ingénieur civil", halafu chini yake, métallurgie. Mfasiri aliandika kwa Kiingereza "civil engineer", na yule mtu wa ofisi upande wa pili hakuhitaji kusoma zaidi. Kwa Kiingereza cha leo, "civil engineer" ni mtu wa madaraja, barabara, nyumba na mifereji ya maji.

Zamani maneno haya yalikuwa ndugu. Mhandisi wa kwanza Ulaya alikuwa mtu wa jeshi, mwenye kujenga ngome na kuchimba mahandaki. Yule aliyefanya kazi za raia alijiita wa kiraia ili asichanganywe na askari. Huko Uingereza, John Smeaton, mjenzi wa mnara wa taa katika karne ya 18, ndiye anayekumbukwa kwa kujiita hivyo, na chama cha wahandisi wa kiraia kilianzishwa London mwaka 1818. Lakini kwa Waingereza, kadiri kazi za mashine, umeme na madini zilivyopata vyama vyao, neno lile likabanwa likabaki na ujenzi. Ubelgiji hawakulibana. Huko "ingénieur civil" ni mhandisi yeyote aliyesoma chuo kikuu miaka 5, awe wa madini, wa metali au wa umeme na mashine. Sisi tulilipokea neno hilo pamoja na shule za Wabelgiji. Chuo kikuu kilichofunguliwa Élisabethville mwaka 1956, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilizaliwa katika desturi hiyo, na Union Minière ilikuwa jirani ikingoja watu wa madini.

Basi mtoto wa Katanga anatembea kilomita kama 90 hadi Kasumbalesa, anavuka, na cheo chake kinageuka kuwa kazi nyingine kabisa. Hakuna aliyemwonea. Ni neno tu lililokua njia mbili.

Na si hilo peke yake. Katika mfumo wetu wa zamani, mtu alisoma graduat miaka 3, akaongeza miaka 2, akapata licence. Licence ya zamani ilikuwa miaka 5. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia katika mfumo wa LMD, ambamo licence ni miaka 3, kisha master miaka 2. Ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa na karatasi zenye neno lilelile, mkubwa amesoma miaka 5 na mdogo miaka 3, na mgeni anayezipima huko Lusaka au Montréal akadhani ni sawasawa. Mara nyingi anayepoteza ni mkubwa. Naye "gradué" wetu wa miaka 3 hupata mkasa wa upande mwingine: Waingereza wanaposikia neno linalofanana na hilo wanafikiri amemaliza chuo kikuu chote, halafu wanapohesabu miaka wanamwona kama mtu aliyewadanganya.

Tusiwasahau papa zetu. Kuanzia 1971 hadi 1981 vyuo vikuu vyetu vilikuwa chuo kimoja, Université Nationale du Zaïre. Mzee aliyemaliza wakati ule ana diploma ya chuo ambacho hakipo, katika nchi ambayo jina lake halipo. Tumemjua mzee wa namna hiyo aliyeombwa na ofisi moja ya nje alete barua kutoka "ubalozi wa Zaïre". Alicheka, kisha hakucheka.

Milango mitatu

Hapa ndipo tuliona sisi wenyewe tulikuwa tunachanganya mambo. Tulikuwa tukisema "diploma imetambuliwa" au "imekataliwa" kama kwamba ni jambo moja. Ni milango mitatu, na kila mmoja una mlinzi wake.

Mlango wa kwanza ni wa masomo. Mlinzi wake anauliza: je, karatasi hii ni ya kweli, na inalingana na kiwango gani kwetu? Zambia kazi hiyo inafanywa na mamlaka ya vyeti inayoitwa ZAQA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011. Ubelgiji kuna ofisi mbili tofauti, moja ya upande wa Kifaransa na nyingine ya upande wa Flandres.

Mlango wa pili ni wa kazi yenyewe. Hapa mlinzi hatosheki na masomo. Anauliza: umefanya kazi chini ya nani, miaka mingapi, umebeba mzigo gani, na nani atajibu ukikosea? Katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, sheria inakataza mtu kujiita mhandisi au kufanya kazi ya uhandisi kama hajaandikwa. Uganda ina sheria hiyo tangu 1969, Tanzania wana ya 1997, Zambia ya 2010, na Kenya walitunga mpya 2011. Huko Kenya na Tanzania, kijana aliyemaliza chuo huandikwa kwanza kama mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi kwa miaka isiyopungua 3 kabla ya kupimwa ili aitwe mhandisi kamili. Zambia, Engineering Institution of Zambia huandika watu wa ngazi zote, kuanzia fundi wa mikono hadi mhandisi. Ndiyo maana barua ya kijana wetu ilisema jina lake halimo. Hawakusema hajui kazi. Walisema hajabisha hodi.

Mlango wa tatu ni wa serikali: viza na kibali cha kazi. Mtu anaweza kupita miwili ya kwanza na kusimamishwa na huu. Anaweza pia kupita huu akiwa mkimbizi au mke wa mwenyeji, na kubaki miaka mingi nje ya mlango wa pili. Kule Québec, ambako Wakongo wengi wamekwenda kwa sababu ya Kifaransa, kuna wahandisi wetu wenye vibali vya kukaa vizuri kabisa lakini chama cha wahandisi bado kinapima mafaili yao au kimewataka wafanye mitihani ya ziada. Wakati huo wanaendesha teksi au kufanya kazi ya usiku ghalani. Familia hapa nyumbani inasema, "Amefika Canada, kwa nini hatumi kitu?" Tunaomba wazazi wasome aya hii mara mbili.

Barua ya kuhama

Sasa, nchi zinaaminianaje? Tulipomweleza mama wa kijana, tulitumia mfano anaoujua. Mshiriki akihama kutoka Likasi kuja Bel-Air, analeta barua ya kuhama kutoka kanisa lake. Hatumbatizi upya wala hatumrudishi kwenye mafundisho ya kwanza. Kwa nini? Kwa sababu tunajua kanisa lile linafundisha nini na kwa muda gani, tunaijua sahihi ya mchungaji wao, nao wanapokea barua zetu vilevile. Akija mtu na barua kutoka mahali tusipopajua, tunamkaribisha kwa upendo, lakini tunamwomba akae kidogo tumfahamu. Mama akasema: "Basi mwanangu ametoka kanisa wasilolijua." Ndivyo ilivyo.

Mwaka 1989 vyombo vya wahandisi vya nchi 6, yaani Marekani, Canada, Uingereza, Ireland, Australia na New Zealand, vilifanya mapatano yanayoitwa Washington Accord. Kila kimoja kilikubali kwamba masomo ya uhandisi yaliyokaguliwa na mwenzake yana thamani sawa na yale yaliyokaguliwa nyumbani. Tazama vizuri kilichokubaliwa. Hawakukubali watu, hawakukubali hata vyuo. Walikubali programu moja moja za masomo zilizokaguliwa. Chuo kimoja kinaweza kuwa na programu ya umeme inayokubaliwa na ya kemia isiyokubaliwa. Baadaye yalikuja mapatano ya Sydney mwaka 2001 na ya Dublin mwaka 2002, kwa wenye masomo mafupi zaidi na mafundi wa kati. Afrika Kusini iliingia katika yale ya Washington mwaka 1999, ya kwanza katika Afrika. India iliingia 2014, China 2016. Leo wenye sahihi ni zaidi ya 20.

Kongo haimo. Kwa watu wa Kolwezi na Fungurume jambo hili lina maana iliyo karibu kuliko wanavyofikiri. Mhandisi kijana kutoka China au Afrika Kusini anayekuja kufanya kazi katika migodi yetu anaweza kuwa ametoka katika programu inayotambulika Toronto na Sydney. Mkongo anayekaa naye meza moja, anayejua mwamba ule tangu utoto wake, karatasi yake inakoma Kasumbalesa. Siku kazi ikiisha, mmoja anachagua nchi ya kwenda, mwingine anarudi Bel-Air kungoja. Na kabla ya siku hiyo, tofauti hiyo huonekana katika mshahara.

Na hata hayo mapatano makubwa hayafungui kila kitu. Yanahusu masomo tu. Mlango wa kuandikwa kama mhandisi una mapatano yake mengine, na mlango wa viza hakuna chama cha wahandisi kinachoushika.

Mashariki na kusini

Makanisa ya Uvira, Bukavu, Goma na Bunia yanatazama zaidi upande wa Afrika Mashariki, na hapo kuna habari ya kuelewa vizuri. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa sahihi Novemba 2009 na kuanza kazi Julai 2010. Ndani yake, kifungu cha 11 kinazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya masomo na vya kazi. Lakini kifungu hakijiendeshi. Kila taaluma ilipaswa kufanya mapatano yake: wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi. Bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mwaka 2012, na Rwanda ikajiunga baadaye. Kwa mapatano hayo, mhandisi aliyeandikwa kikamilifu Kampala anaweza kuomba kuandikwa Nairobi bila kuanza safari yake upya. Bado anaomba, bado anafuata sheria ya huko. Ila hatendewi kama mtu aliyetoka gizani.

Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022. Mkataba wa kujiunga ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 8 Aprili, na tarehe 11 Julai tukawa wanachama kamili. Tangu siku hiyo tumesikia vijana wakisema, "Sasa diploma zetu zinapita Nairobi." Hapana. Sahihi za wahandisi za 2012 ziliwekwa na bodi, na Kongo haikuwa mmoja wa waliosaini. Ili tuingie inatakiwa chombo chetu cha wahandisi kikae na bodi za wenzetu, kionyeshe jinsi kinavyopima watu wake, nao wakague. Ni kazi ya miaka, na ya lugha mbili. Upande wa masomo kuna Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao Kampala, na mwaka 2017 marais wa Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Mlango huo wa kwanza una matumaini zaidi kwa sasa.

Kwa sisi wa Lubumbashi kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau: Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kijana wetu angekuwa na sahihi zote za Arusha mfukoni, zisingemsaidia Chililabombwe. Kati yetu na Zambia kuna SADC na COMESA. SADC ina itifaki ya elimu na mafunzo tangu 1997, inayozungumza juu ya kulinganisha vyeti, lakini kwa kazi ya uhandisi mtu bado anapaswa kupitia ZAQA na kile chama cha Zambia, faili kwa faili.

Mtu asifikiri kwamba majirani zetu wanaozungumza Kiingereza wamepumzika. Kenya, vijana waliomaliza uhandisi katika Chuo Kikuu cha Egerton walikataliwa na bodi ya nchi yao wenyewe, iliyosema programu yao haikuwa imekubaliwa. Walikwenda mahakamani, kesi ikapanda ngazi zote, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikaamua kwa upande wao. Walikuwa wamesoma ndani ya mipaka ya nchi yao, na walingoja miaka.

Ukuta wetu

Tulipofika hapo katika maongezi yetu, mzee mmoja wa kanisa alisema kwa hasira: "Hawa Wazambia wanatuonea wivu. Mtu amesoma, wamwache afanye kazi!" Wengi tuliitikia. Kisha mama mmoja wa kamati, bila kupandisha sauti, akauliza: "Na ule ukuta wa upande wa watoto?"

Tulinyamaza. Miaka michache iliyopita tulijenga jengo la shule ya Jumapili lenye ghorofa moja. Tulimpa kazi mtu aliyeitwa "ingénieur" na kila mtu mtaani. Hapa kwetu ni jina la heshima. Anayejua kuvuta waya anaitwa hivyo, anayesimamia zege anaitwa hivyo. Alisali vizuri, bei yake ilikuwa nzuri. Hatukumwomba karatasi hata moja. Hatukuuliza ameandikwa wapi, wala nani atajibu likitokea jambo. Leo ukuta una nyufa zinazopanda kutoka kona ya dirisha, na mtu yule simu yake haipatikani. Watoto tumewahamishia kwenye hema. Kosa hilo ni letu, si la mwingine.

Kwa hiyo tulianza kuuona mlango wa pili kwa jicho jingine. Wazambia wanapouliza "umeandikwa wapi?" wanauliza swali ambalo sisi tulipaswa kuuliza kabla ya kumwaga zege juu ya vichwa vya watoto. Tatizo la kijana wetu si kwamba swali linaulizwa. Ni kwamba analiulizwa yeye peke yake, bila nyuma yake kuwa na chombo ambacho wale wanaouliza wanakijua na kukiamini.

Katika Maandiko, Sulemani alipotaka kazi za shaba za hekalu alituma watu hadi Tiro kumleta Hiramu, mwana wa mjane, baba yake mtu wa Tiro. Fundi wa shaba, mwana wa mjane, aliyeitwa kutoka nchi nyingine: mama wa kijana alitabasamu alipokumbushwa. Ila Hiramu sifa yake ilimtangulia kwa mfalme. Wa kwetu inampasa aibebe ndani ya bahasha.

Kuhusu bahasha hiyo

Wahandisi wazee walituambia mambo ambayo tunayapitisha kwenu kama tulivyoyapokea. Kubwa kuliko yote ni hili: diploma peke yake ni karatasi nyembamba. Mpimaji wa nje anataka kujua ulisoma nini ndani ya ile miaka, saa ngapi za hesabu, saa ngapi za maabara. Kwa hiyo mwanafunzi aombe maelezo ya kozi na idadi ya saa wakati bado yuko chuoni, wakati katibu wa fakulte bado anamjua kwa jina. Miaka 10 baadaye atatafuta maprofesa waliokwisha kustaafu.

Pili, daftari la kazi. Kijana anayeanza kiwandani aandike kila mradi: tarehe, alifanya nini yeye mwenyewe, mashine gani, nani alimsimamia, na huyo msimamizi aweke sahihi. Nchi za Kiingereza hulipa jambo hili uzito ambao sisi hatukuzoea. Barua ya kampuni inayosema "alifanya kazi kwetu kwa bidii" haiwaambii kitu.

Kuhusu tafsiri, msitumie mtu wa saibakafe. Tafuteni mfasiri aliyeapishwa, na mwambieni aache jina la diploma kwa Kifaransa kama lilivyo, kisha aeleze pembeni kwa Kiingereza ni uhandisi wa nini na ni miaka mingapi. Mhuri nao una safari yake: chuo, wizara ya elimu ya juu, wizara ya mambo ya nje, ubalozi. Kinshasa ni mbali, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa hata kwa mstari ulionyooka, na tumewajua watu waliotuma karatasi za asili kwa mkono wa rafiki wa rafiki, zisirudi. Tuma nakala zilizothibitishwa kila inapowezekana. Na jina liwe moja. Mtu anayeitwa Kabwe katika diploma ya Serikali na Kabwe wa Ilunga katika pasipoti atapoteza miezi sita akieleza kwamba ni mtu mmoja.

Kwa ndugu zetu waliokimbia Goma na Bukavu mwaka 2025, na wengine waliokimbia kabla yao, habari ni nyingine. Wengi wao waliondoka na watoto, bila bahasha. Wajue kwamba kupoteza karatasi hakufuti masomo. UNESCO ina hati inayoitwa pasipoti ya sifa za masomo kwa wakimbizi; mwaka 2019 ilianza kujaribiwa Zambia. Wataalamu wanatazama karatasi zozote zilizobaki, wanazungumza na mtu kwa undani juu ya masomo yake, kisha wanaandika wanachokiona kuwa kweli. Haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi ya uhandisi, lakini inampa mahali pa kuanzia, na mtu aliyepoteza nyumba anajua thamani ya mahali pa kuanzia. Wachungaji walio kambini na mijini waulize ofisi za wakimbizi kama njia hiyo ipo kwao.

Hapa Bel-Air tumeamua jambo dogo. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi vijana wawili wenye skana wanakaa ofisini kuanzia saa tatu. Mtu yeyote, wa kanisa letu au la jirani, analeta karatasi zake, zinanakiliwa, anapewa nakala kwenye flashi yake, na nyingine anaituma kwa ndugu anayemwamini katika mji mwingine. Kanisa halishiki karatasi za asili za mtu, wala halipigi mhuri wake juu ya diploma. Si kazi yetu kusema nani ni mhandisi. Siku ya kwanza tulitarajia watu 10. Walikuja wengi hata skana ikapata joto, na zaidi ya nusu walikuwa wakina mama wakileta karatasi za watoto walioko mbali.

Kijana wetu alipata mfasiri mwingine. Faili lake sasa liko Lusaka linapimwa, na kazi ile ya kwanza alipewa mtu mwingine. Minerval ya wadogo zake ilichangwa na kwaya kwa mwezi mmoja. Mwezi wa pili hatujui.

Juma lililopita tulimwomba atusaidie kuangalia ule ukuta. Alisimama mbele yake muda mrefu, akapitisha kidole juu ya ufa, kisha akageuka. "Papa," akasema, "mimi ni wa metali. Mmesoma 'civil' kama wao." Tuliona haya. Jumatano alirudi na rafiki yake aliyesomea ujenzi, yule akachora mistari ya penseli mwanzoni na mwishoni mwa kila ufa, akaandika tarehe pembeni ya kila mstari, akasema atakuja kupima tena baada ya mwezi, na kabla ya hapo mtu yeyote asipande ghorofani. Kwa malipo aliomba tumwandikie barua yenye sahihi, inayosema ni kazi gani hasa aliyoifanya na siku gani. Anaiweka katika daftari lake.